Chenji

Mkarafuu haupindi, huvunjika.
Hili nilijua tangu sina meno ya kutafunia,
na bado nilikanyaga.
Tawi la tatu kutoka kileleni, Mtambwe, mwaka wa vuno kubwa,
pakacha begani, kigoe mkononi,
nikihesabu pishi za kununulia bati.

Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka karafuu
zikininyeshea usoni baada yangu,
moja moja, kama zilizosahau kitu huko juu.

Miezi minne Mnazi Mmoja nikitazama pangaboi.
Daktari akanichoma dole gumba kwa sindano: Hapa?
Nikamwambia: Hapo ni kwako, si kwangu.

Nikarudi Wete na kiti cha magurudumu
na jina jipya. Zamani nilikuwa Shaame.
Sasa ni masikini Shaame,
maneno mawili yameshonwa pamoja, hayafumuki.

Ijumaa ndiyo niliyoichukia.
Watu wema wanatoka msikitini, wananukia udi,
wananiwekea noti mapajani,
mahali nisiposikia.
Hata uzito wa sadaka yao sikuusikia.
Ami Kombo akasema, kwa mapenzi, wallahi kwa mapenzi:
"Tukuweke pale mlangoni, penye kivuli. Utapata."
Usiku nikaiuliza dari: ntapata nini?

Kisha gurudumu la kushoto likaanza kucheza.
Njia ya Bopwe ni mashimo na mawe,
kiti kikawa kinakwenda kama bata aliyeshiba.
Fundi akasema ngoja wiki.
Wiki nilikuwa nazo nyingi kuliko yeye,
nilikuwa nimezichoka.
Nikamwambia dada yangu Time: niteremshe mkekani,
nipindulie kiti, nipe bisibisi na taa.

Spoki thelathini na sita.
Nikazipiga kwa ukucha.
Ting. Ting. Ting.
Moja ikasema tu, kavu, kama shahidi wa uongo.
Nikaikaza robo. Nikasikiliza.
Nikamlegeza jirani yake,
maana rimu haivutwi upande mmoja,
ukimbana huyu, yule analalamika.
Kulipoadhiniwa alfajiri
gurudumu lilikuwa likizunguka mbele ya pua yangu
kama limesimama.
Nami nikatanabahi: tangu isha sijaifikiria miguu.

Ikaja baiskeli ya mtoto wa Raya.
Ikaja ya muuza boflo, na unga wake kwenye fremu.
Halafu akaja Hamad Faki.

Siku ile tulikuwa mti mmoja, yeye tawi la chini.
Miaka mitatu akipita njia ya nyuma.
Rimu imepinda kwa magunia ya makonyo.
Akanipa gurudumu, macho ameyaweka ukutani,
nami nikalishughulikia gurudumu, sikumshughulikia yeye.

"Ngapi?"
"Elfu tatu."
Akatoa elfu kumi, akaiweka mapajani.
"Basi, Shaame. Nyengine shika tu."

Nikaiokota. Nikaitia mkebeni.
Nikahesabu elfu saba, noti kuukuu zenye grisi,
nikanyoosha mkono,
mkono ukakaa hewani muda mrefu, ukaanza kutetemeka.
"Chenji yako, Hamad."

Akaipokea.
Ndipo akanitazama,
ndipo akasema: breki ya nyuma nayo inalia.
Nikamwambia: hiyo mbali. Hiyo elfu moja.

Sisemi nimepona. Vuno likija
mji mzima huwa mikeka, harufu inaingia bila hodi,
na miguu hii isiyojua maji ya moto
usiku inapanda, tawi kwa tawi,
naamka nimeshika nguzo ya kitanda.
Na Ijumaa wapo bado wanaosahau, wanaweka noti.
Nawauliza: baiskeli yako ipi?

Jioni Time ananiletea sabuni na majivu.
Nanawa mpaka viwikoni.
Grisi ya kwenye kucha haitoki yote,
nami siisugui sana.